Mdomo Usioshuka

Uvimbe haukuwa na maumivu wala hatari. Ulikuwa mafuta matupu chini ya ngozi, kwenye kona ya taya la kushoto, karibu na sikio. Nilikuwa nao tangu nikiwa na miaka kumi na tano; nilipofikisha thelathini na tatu ulikuwa mkubwa kama ndimu. Madaktari wawili, kwa miaka tofauti, waliniambia niuache. Niliuondoa Jumamosi ya tarehe sita Desemba, siku moja baada ya shule kufungwa, kwenye kliniki ya binafsi Tanga, kwa hiari yangu na bila sababu yoyote ya kiafya.

Sababu ilikuwa ngumi. Ninafundisha hesabu katika kitengo cha viziwi cha shule moja ya msingi Handeni mjini. Darasani kwetu mtu haitwi kwa herufi za jina lake. Hupewa alama, na alama hutokana na kile kinachoonekana kwanza. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mhina, ni vidole viwili vinavyovuta ndevu. Stefania wa darasa la saba ni kidole kinachokata nyusi, kwa sababu ya kovu lake. Mimi, Faudhia, ni ngumi iliyobandikwa kwenye taya. Hakuna tusi ndani yake, na kwa miaka minane niliitika. Ila mwaka jana wazazi waliokuja kikaoni walianza kunisalimu kwa ngumi hiyo huku wakicheka, kisha wauza nyanya wa sokoni nao wakaijua. Nikajikuta kila ninapoingia chumbani natafuta kiti ambacho ukuta uko kushoto kwangu. Nilipogundua kwamba nafanya hivyo hata nikiwa peke yangu, nilipiga simu Tanga.

Daktari Dunstan, aliyenipasua, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya pili alinipa kioo na kuniambia nitabasamu. Upande wa kulia wa mdomo wa chini ulishuka, meno yakaonekana. Upande wa kushoto ulibaki palepale.

"Kuna neva nyembamba inayopita ukingoni mwa taya," alisema. "Ndiyo inayovuta mdomo ushuke. Tuliisogeza ili tuutoe uvimbe. Haikukatwa. Itaamka baada ya wiki sita, au miezi sita."

"Ni ipi kati ya hizo?"

"Sijui."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Aliendelea: nisikande, nisisugue, nisiweke kitu cha moto wala barafu. Chini ya sikio pangekuwa na ganzi kwa muda. Nisubiri tu. Niliyaandika yote kwenye daftari. Kuhusu mdomo nilimuuliza maswali tisa. Kuhusu ganzi sikuuliza hata moja.

Sikutaka kupona mbele ya watu wa Handeni, kwa hiyo nilikwenda Kwamndolwa, Korogwe, kwa shangazi yangu Tatu. Alinipokea mlangoni, akaniangalia kwa muda wakati namwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani amekuudhi?"

"Hakuna."

"Mbona wanibetulia mdomo?"

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo kwa ukamilifu wake. Mdomo unaoshuka upande mmoja na kukataa upande wa pili si mdomo mgonjwa tu. Kwa kila mtu aliyekulia huku ni mdomo uliobetuliwa, na mdomo uliobetuliwa una maana moja: wewe si kitu kwangu. Nilikuwa namsalimu shangazi yangu kwa adabu, na uso ukimwambia kinyume chake.

Nilimweleza. Alisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Sasa huo uvimbe ulikuwa unakula chakula chako?"

"Hapana."

"Ulikuwa unakuzuia kulala?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ulikuwa mpangaji mzuri kuliko wa kwangu wa chumba cha uani. Umemfukuza, na nyumba imepinda."

Nilicheka. Aliinamisha macho kwenye ungo, na sikucheka tena mbele yake kwa siku kadhaa.

Nje mambo hayakuwa tofauti. Mjini Korogwe kuna duka la Alifiya na mumewe Shabbir, lenye kila kitu kuanzia ndoo mpaka bandeji. Nilinunua plasta na kumshukuru Alifiya. Alinikazia macho.

"Dada, kama plasta zetu hazikufai si useme? Mdomo wa nini?"

"Nimefanyiwa upasuaji. Mdomo haushuki upande huu."

"Ee, pole jamani! Nikasema huyu naye kaamka na nani? Kumbe!" Akamgeukia mumewe. "Shabbir, si dharau, ni ugonjwa!"

Shabbir aliinua mkono kutoka nyuma ya rafu za sabuni. "Mpe pole!"

"Nimeshampa!"

Ilikuwa rahisi kumweleza Alifiya. Ana masikio.

Wanafunzi wangu hawana. Kwao uso ndio sauti. Mikono ikisema "nzuri" na uso ukiwa umenyooka, hiyo ni sifa. Mikono ikisema "nzuri" na mdomo ukiwa umebetuka, hiyo ni kejeli, na haina shaka, kama ambavyo kwa asikiaye sauti ya kejeli haina shaka. Nina wanafunzi kumi na mmoja. Kumi kati yao ningeweza kuwaeleza mara moja, wakaelewa na kusahau. Stefania hapana.

Stefania aliletwa shuleni akiwa na miaka tisa, bila lugha yoyote. Alichokuwa amejifunza kijijini kwao ni kusoma midomo ya watoto waliokuwa wakimcheka. Mwaka wake wa kwanza, kila nilipomsifu alifunga macho. Kiziwi akifunga macho amefunga mlango. Hakuna namna ya kumfikia. Ilichukua miezi saba kabla ya kuiamini sifa ya kwanza, na tangu siku hiyo anafanya hesabu vizuri kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha, anayesikia au asiyesikia. Mwezi wa tisa angefanya mtihani wa darasa la saba. Shule ilikuwa inafunguliwa tarehe kumi na mbili Januari. Nilihitaji mdomo ushuke kabla ya tarehe hiyo.

Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha shangazi na rula ya plastiki, nikavuta mdomo chini, nikapima. Kulia, milimita tisa. Kushoto, moja. Niliandika kwenye daftari la mistari ya miraba. Uvimbe wa kidonda ulipungua, nyuzi zikatolewa, shavu likarudi kuwa shavu. Kushoto, moja. Krismasi ikapita. Moja. Siku ya ishirini na tatu nilitazama ukurasa nikaona tarakimu moja imejipanga kutoka juu mpaka chini kama nguzo za uzio.

Daktari alikuwa amesema wiki sita au miezi sita. Wiki tatu na siku mbili hazikuwa ushahidi wa chochote. Nililijua hilo. Ningemsahihisha mwanafunzi ambaye angekata tamaa kwa takwimu za namna ile.

Siku ya ishirini na nne nilimwambia shangazi anikande.

Shangazi Tatu hukanda wazazi. Mwanamke akijifungua Kwamndolwa, au hata huko Kerenge, huja kuitwa yeye, na kwa siku arobaini, asubuhi na jioni, humkanda tumbo, mgongo na nyonga kwa maji ya moto na kitambaa. Ana zaidi ya miaka thelathini katika kazi hiyo. Tangu nilipofika alikuwa akiniambia kwamba mdomo umekaza kwa baridi ya kisu na unataka moto tu. Nilikuwa nimemsomea maneno ya daktari kutoka kwenye daftari, naye akawa ananyamaza kwa heshima, si kwa kukubali.

Siku hiyo hakuniuliza kilichonibadilisha. Aliteleka sufuria, akanikalisha kwenye kigoda uani, akaifunga khanga mabegani mwangu.

"Nitaanza taratibu," alisema. "Ikichoma, sema."

Hiyo ndiyo kazi yake ilivyo. Hana kipimajoto, na mikono yake imeshazoea moto kiasi kwamba haiwezi kuwa kipimo. Kipimo ni anayekandwa. Hubandika kitambaa, huuliza, na maji yakiwa ya uvuguvugu huongeza ya moto, mpaka mzazi apige kelele. Hapo hujua yamefika, hupunguza kidogo, na kazi huanza. Wanawake wote wanajua utaratibu huu. Wapo wanaopiga kelele mapema ili kumdanganya, naye huwajua.

Alibandika kitambaa kwenye taya.

"Inachoma?"

"Haichomi."

Akakamua, akachovya tena.

"Sasa je?"

"Haichomi, shangazi."

"Wewe jasiri. Binti Zaidi alilia kitambaa kikiwa bado mkononi mwangu." Akaongeza maji kutoka kwenye sufuria. "Hapa?"

"Nahisi unabonyeza. Joto silisikii."

"Ndiyo baridi yenyewe hiyo, imeingia ndani. Itatoka tu."

Nilisema haichomi mara sita. Ilikuwa kweli mara zote sita. Nilikaa wima na nikamjibu kwa usahihi, kama nilivyozoea kujibu, na wala haikunipitia akilini kwamba nilikuwa nasoma kipimo kilichokatika. Mwisho tone moja lilidondoka begani, mahali penye ngozi yenye hisia, nikaruka kutoka kwenye kigoda.

Shangazi akalitazama bega. Kisha akalitazama taya. Akaweka kitambaa chini polepole.

"Faudhia," alisema. "Ngozi inainuka."

Lengelenge la kwanza lilikuwa chini ya sikio. Jioni yalikuwa matatu, na kubwa lao lilikuwa limelala juu ya mshono. Hayakuuma hata kidogo.

Hospitalini muuguzi alisafisha, akafunga, akaniuliza ni mafuta ya kupikia au uji. Nilimwambia ni maji, na kwamba nilikuwa macho, na kwamba hakuna aliyenishika. Aliandika kitu kifupi. Nilimpigia Daktari Dunstan nikiwa kwenye benchi la nje, nikamweleza yote kwa mpangilio wake bila kuruka kitu.

"Mwalimu, wewe uliandika. Nilikuona ukiandika."

"Niliandika."

"Haya. Kidonda kitafunga. Kovu la moto hukaza, na likikaza hapo litavuta ngozi kuelekea sikioni. Ina maana hata neva ikiamka, uso unaweza kubaki umepinda, na hatutajua kwa urahisi ni kipi kinachoupinda."

"Uwezekano ni kiasi gani?"

"Sijui," alisema, na safari hii jibu halikunifurahisha.

Asubuhi yake mtu alikuja kutoka Mpale kumwita shangazi. Mkwewe alikuwa amejifungua. Nilisikia kutoka chumbani. Shangazi alimwambia anaumwa, amtafute mwingine. Mtu yule alisihi, akataja jina la bibi yake aliyekandwa na shangazi zamani. Shangazi akarudia kwamba anaumwa. Nilitoka baada ya mgeni kuondoka.

"Huumwi."

"Mikono inauma."

"Shangazi, wewe uliuliza. Maji uliyapima kama siku zote. Kipimo ndicho kilikuwa kibovu."

"Kipimo kilikuwa wewe."

"Ndiyo."

"Basi usinifundishe hesabu nyumbani kwangu," alisema, lakini bila hasira, na akaenda kukaa jikoni ambako hakukuwa na kitu motoni.

Nilirudi Handeni tarehe kumi na moja Januari. Kulia, tisa. Kushoto, moja. Taya lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe.

Jumatatu watoto waliniinulia ngumi zao kutoka mlangoni, kisha wakaona, ngumi zikabaki hewani. Nani amekupiga? Ajali ya pikipiki? Umevunjika? Nilisimama ubaoni nikawaeleza kwa alama: kulikuwa na kitu, kimekatwa, mdomo umelala, si hasira, msiuangalie. Athuman, wa darasa la tano, akaniigiza papo hapo, mdomo upande, mikono ikisema "ninyi watoto wazuri sana." Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Nilimwacha. Alikuwa ameelewa somo vizuri zaidi kuliko nilivyolieleza.

Stefania hakucheka. Hakuwepo, baba yake alikuwa amemchelewesha shambani. Alikuja Jumatano, na kosa langu la pili ni kwamba nilikuwa nimeshamaliza kueleza, na sikueleza tena. Nilimwita ubaoni kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu nilikuwa nimemkosa. Lilikuwa fumbo la asilimia lenye hatua tano. Alilifanya kwa tatu. Ilikuwa njia ambayo sikuwahi kumfundisha.

Nilimsifu. Niliinua mikono yote miwili na kumsifu kwa ukubwa wote wa alama, na furaha ilikuwa ya kweli, na furaha ya kweli huvuta mdomo kwa nguvu. Upande wa kulia ulishuka mpaka mwisho.

Aliutazama mdomo wangu. Aliweka chaki kwenye ukingo wa ubao, kwa uangalifu, isianguke. Akafunga macho. Niligusa bega lake, akalitoa bega. Alirudi kwenye dawati akipapasa, macho yakiwa yamefungwa, akakaa hivyo mpaka kengele ambayo haisikii ilipogongwa, wenzake wakainuka.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja.

Jumamosi nilikwenda kwao, Kideleko. Baba yake, Mikaeli, alikuwa akipukuchua mahindi kibarazani.

"Karibu, Mwalimu. Pole na uso." Alisogeza gunia nikae. "Amekataa. Kaniambia haendi, na mimi simburuzi mtu mwenye kimo kile. Shangazi yake Segera anataka msaidizi wa kibanda cha chakula. Nimesema labda aende, mwezi huu huu. Umemfanya nini?"

"Nilimsifu."

"Basi ulimsifu vibaya."

"Ndiyo."

Stefania alitoka ndani, akaniona, akasimama karibu na nguzo. Macho yalikuwa wazi. Hicho kilikuwa kitu. Nilianza kueleza kwa alama. Kisu, neva, mdomo umelala. Alinikatiza.

"Ulinicheka."

"Sikukucheka. Mdomo huu haunitii."

"Jicho linakutii?"

"Ndiyo."

"Mkono?"

"Ndiyo."

"Mdomo tu, na siku ile tu, nilipopata hesabu?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia siku zote, toka Desemba. Aliniangalia nikiongea, alama baada ya alama, mdomo ukibetuka katika kila moja, hata katika "samahani". Kisha akaja mbele, akavua mtandio wake, akanifunga macho nao. Sikumzuia. Mtu akimfunga macho mtu wa mikono, mazungumzo yamebaki ya mmoja.

Nilihisi kidole kwenye shavu la kulia. Nikanyoosha mkono nikaonyesha mahali pale. Kikaja kwenye paji la uso, nikaonyesha. Kidevu, nikaonyesha. Halafu hakukuja kitu. Nilisubiri. Nilisikia mahindi yakidondoka kwenye beseni, kisha yakaacha kudondoka.

"Mwalimu," Mikaeli alisema, kwa sauti ya chini. "Anakufinya."

"Wapi?"

"Sikioni. Kwa kucha."

Mtandio ukaondolewa. Stefania alikuwa ameinama usawa wa uso wangu, akitazama ncha ya chini ya sikio langu la kushoto, ambapo, kama nilivyoona baadaye kwenye kioo, kulikuwa na alama mbili nyekundu. Alikuwa amekunja uso kama anavyofanya jibu likigoma kulingana na alilotarajia. Akafinya tena, mara hii nikiwa namwangalia. Akaniangalia machoni kutafuta maumivu, akakosa.

"Mna mambo nyie," Mikaeli alisema. "Ugomvi mzima na hakuna hata kelele."

Stefania alirudi kwenye nguzo.

"Utapona lini?"

"Sijui. Labda sitapona."

"Ninajua sasa hunicheki," alisema kwa alama. "Ninajua hapa." Akagusa kichwa. "Lakini nikikuona, naona unanicheka. Sitaweza kuzuia."

"Ninaelewa."

"Nitakuja Jumatatu. Usinisifu."

"Hata ukipata?"

"Hata nikipata. Weka alama ya vema, geuka ubaoni, andika nyingine."

Nilikubali. Mikaeli aliuliza tumesemaje, nikamwambia atakuja. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye mahindi yake.

Jumatatu alikuja mapema kuliko wote. Asubuhi ile nilikuwa nimepima: kulia tisa, kushoto moja, au labda moja na nusu, rula ile haina nusu. Nilimpa hesabu ya riba yenye mtego katikati. Aliuona mtego, akauruka, akapata. Niliweka vema. Nikageuka ubaoni haraka, kwa sababu uso ulikuwa umeshaanza, na nikaandika nyingine.